Bustani ya Forodhani, Unguja: nimekaa masaa matatu bila kununua kitu na hakuna aliyeninyanyua

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka asome aende zake: 4 kati ya 5. Moja nimeizuia kwa sababu ya mambo ya usiku ambayo nitayaeleza huko chini, ila hizo 4 nimezitoa kwa moyo mweupe.

Kwanza mjue kipimo changu maana kila mtu ana chake. Kuna wanaopima bustani kwa maua, kuna wanaopima kwa picha zinavyotoka, mie napima kwa kiti. Mtu ambaye hana hata mia mfukoni akifika pale akakaa, anakaa muda gani kabla hajaja mtu kumuuliza anataka nini? Mie nimezaliwa Kikwajuni, nimekulia kwenye baraza la nyumba ya bibi, na baraza kwa sie watu wa Unguja mwenye nyumba analijenga kwa pesa zake halafu hana uso wa kumfukuza aliyelikalia. Mpita njia kachoshwa na jua, anakaa. Muuza mboga anatua tenga lake, anajifuta jasho. Wazee wanacheza bao mpaka adhana. Hakuna anayeulizwa umekuja kwa nani. Sasa nikiingia kwenye bustani yoyote ya mji, iwe Dar ninakoishi siku hizi, iwe Nairobi kwa wifi yangu, nnatafuta lile baraza la bibi, nikilikosa hata kama maua yamepangwa vipi moyo wangu unagoma.

Na nina sababu. Mwaka juzi kuna hoteli moja ya ufukweni, siitaji, mamaangu alichoka akakaa kwenye kijiukuta cha nje kabisa, hata getini hajaingia, askari akaja mbio akamwambia hapa ni kwa wateja tu mama. Bi mkubwa ana miaka 70 na magoti mabovu. Alinyanyuka kimya kimya na njia nzima hakusema neno, na tangu siku ile akifika mahali pageni anauliza kwanza, "hapa panakaliwa?" Yaani swali hilo likitoka mdomoni mwa mzee linauma.

Basi safari hii tulikuja na boti ya mchana, mie, yeye, na mwanangu wa miaka 7, siku mbili baada ya sherehe za Mapinduzi, kaskazi inavuma na joto la kufa mtu. Kutoka bandarini tukaifuata Mizingani kwa miguu, tukapita Mtini, tukapita Makumbusho ya Kasri, mama anasimama kila hatua ishirini, na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, tukaipita ameangalia baharini maana hataki kuliona lile jumba toka upande wake mmoja ulipoporomoka na mnara wa saa tarehe 25 Disemba 2020. Anasema ni kama kumtazama mgonjwa uliyemjua akiwa na nguvu zake. Hatua chache mbele ndo Forodhani, Ngome Kongwe mkono wa kushoto, bahari mkono wa kulia, miti mikubwa katikati na kivuli cha kutosha kabisa. Akauliza swali lake. Nikamwambia hapa panakaliwa mama, kaa.

Ilikuwa saa kumi kasoro robo jioni, wauza chakula hawajaanza kupanga vitu, na huo nawaambia ndo wakati mzuri kuliko wote ingawa watalii wengi wanakuja giza likishaingia. Tukapata benchi chini ya mti, mama akavua makobazi akaweka nyayo kwenye majani, akanyamaza. Pembeni yetu wanafunzi wawili wa kike na mabuibui yao wanasomeana daftari, huku mzee amelala chali kofia usoni, kule mtoto mdogo anamfukuza paka. Akaja kijana mmoja na makaratasi yake ya safari za visiwani, mama akamwambia "mwanangu sie wa hapa hapa," yule kijana akacheka, akatoa shikamoo yake vizuri, akaenda zake. Kuanzia hapo mpaka saa moja kasoro usiku hakuna aliyetuuliza kitu. Masaa matatu! Tulikuwa na chupa yetu ya maji na visheti kwenye mfuko, tumekula vyetu, tumekunywa chetu, tumemaliza.

Sasa hapa niongee kidogo, maana watu wanakaa pale na hawajui wamekalia nini. Jina lenyewe linakwambia, forodha, mahali pa ushuru. Hiyo ilikuwa sehemu ya mizigo, karafuu, pembe za ndovu, mahamali wanapanda na kushuka, na nyuma yake Sultan Sayyid Barghash akaja kujenga Beit al-Ajaib mwaka 1883. Hapo mbele ndipo meli za kivita za Waingereza zilipokuwa asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 zikapiga mizinga kwenye kasri, vita havikumaliza hata saa moja, watu wengi wakafa. Kuanzia 1905 pakawa na treni, ndio, treni, ikitoka hapo karibu na Ngome kwenda Bububu maili 7. Yaani ukikaa pale leo unasikia ndege na watoto, ila ardhi ile kwa miaka mingi haikujua kupumzika, ilikuwa ya kupakia na kupakua na kuamrishana. Bandari ilipohamia Malindi mwishoni mwa miaka ya 1920 ndo pakabaki wazi, na katikati ya miaka ya 1930, enzi ya Sultan Khalifa bin Haroub, pakatengenezwa bustani rasmi, jukwaa la bendi katikati, ikaitwa Jubilee Gardens. Lile tao jeupe lisilo na paa pale upande wa bahari lilijengwa kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret mwaka 1956. Mapinduzi ya 1964 yakaja, jina la Jubilee likafa, na watu wakabaki na jina la kazi ya zamani. Mie hilo nalipenda sana. Bustani imebeba jina la mahamali, jina la wafalme limekwenda na wafalme wenyewe.

Na hii habari ya bustani ya mji, yaani bustani ya kila mtu, msidhani ni kitu cha tangu na tangu. Kabla ya miaka ya 1800 huko Ulaya bustani kubwa zilikuwa za wafalme na matajiri, wewe mtu wa kawaida ukiruhusiwa kuingia ni hisani, na hisani ina siku zake. Viwanda vilipojaza miji ya Uingereza moshi na watu, kipindupindu kikawa kinapita mtaa kwa mtaa, ndo wakubwa wakaanza kusema watu wanahitaji hewa. Mwaka 1840 kule Derby tajiri mmoja wa viwanda anaitwa Joseph Strutt akautolea mji bustani nzima, miti imepangwa kama darasa la kusomea, kitu kizuri kabisa, lakini bure ilikuwa siku 2 tu kwa wiki, siku nyingine unalipa mlangoni. Ona sasa. Kiti kipo ila kina siku zake. Ilipofika 1847 Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, ndo ikafunguliwa bustani iliyochorwa na Joseph Paxton, imejengwa kwa fedha za umma, milango wazi kwa yeyote, na gharama zake zilirudishwa kwa kuuza viwanja vya nyumba vilivyoizunguka. Hesabu hiyo ya viwanja ni muhimu, tutairudia.

Miaka 3 baadaye akapita pale Mmarekani kijana, Frederick Law Olmsted, alikuwa mkulima tu anatembea, akashangaa kuona maskini na tajiri wanatembea njia moja kwenye majani yale yale. Akarudi kwao, mwaka 1858 yeye na mwenzake Calvert Vaux wakashinda shindano la kuichora Central Park ya New York, ekari 843. Dunia nzima inaisifia na mie siikatai, ila ukweli wote usemwe: kabla hawajapanda mti pale palikuwa na kijiji, Seneca Village, wengi wao watu weusi huru wenye nyumba zao na makanisa yao na makaburi yao, zaidi ya watu 200, na mwaka 1857 walikuwa wameshaondolewa wote. Kiti cha bure cha mji mzima kiliwekwa juu ya kizingiti cha mtu. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nakumbuka sehemu za huku kwetu ambako mtu ameambiwa pisha, tunapendezesha.

Huku kwetu wakoloni walikuja na hiyo habari ya nafasi ya wazi lakini wakaigeuza nje ndani. Kwao bustani ilikuwa ya kuwakutanisha watu, hapa nafasi ya wazi ikawa ya kuwatenga. Chukua Mnazi Mmoja ya Dar. Wazo lilianza kwa Wajerumani, Waingereza wakalikamilisha miaka ya 1920, mji ukagawanywa kanda 3, Wazungu baharini, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na kwendelea, na kati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha ukanda mtupu, kisingizio afya na magonjwa. Ule uwazi ulikuwa ukuta, basi tu haukuwa na matofali. Na Unguja vivyo hivyo, Mnazi Mmoja yetu ilikaa kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo kule kwenye hori la maji, sie wa Kikwajuni ndo upande wa Ng'ambo huo, bibi alikuwa anasema "nakwenda mjini" kama anayesafiri, na ni mwendo wa dakika kumi.

Lakini watu nao hawakukaa kama walivyopangiwa. Mnazi Mmoja ya Dar leo ina mnara wa Mwenge wa Uhuru, watu wamehutubiwa pale, wamelia pale, wamelala pale mchana wakisubiri daladala. Mnazi Mmoja ya Unguja sikukuu ya Idi ndo tulikuwa tunavalishwa nguo mpya tunapelekwa, mikono imejaa hina, sarafu za kupewa na ami zinalia mfukoni, unakula vitu vitamu mpaka tumbo linauma, watoto wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo wote wamechanganyika vumbi moja. Pale palipowekwa ili tusikutane ndo pakawa pa kukutania, na hakuna mpanga miji aliyechora hilo, watu wenyewe walilifanya kwa kwenda kukaa.

Turudi Forodhani. Mie naikumbuka ile ya zamani, kabla ya matengenezo. Njia mashimo, majani yameisha mchanga mtupu, usiku giza ila taa za karabai za wauzaji, na upande wa baharini ardhi inabonyea. Ule ukuta wa bahari ulikuwa umechoka, na ukuta wa namna ile ukichoka hauanguki siku moja, wimbi linaingia kwenye nyufa likirudi linanyonya mchanga na kifusi cha nyuma yake kidogo kidogo, wewe juu unaona sakafu imelegea tu kumbe chini ni pango. Ndo maana kazi kubwa ya yale matengenezo ilikuwa vitu ambavyo hutaviona kwenye picha yoyote, ukuta na mifereji. Walioifanya ni taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, wale wale waliotengeneza Al-Azhar Park kule Cairo, hekta 30 juu ya jaa la takataka lililorundikana karne na karne, ikafunguliwa 2005. Forodhani wakaanza 2008, ikafunguliwa tena tarehe 30 Julai 2009, wakati Mji Mkongwe umeshakuwa Urithi wa Dunia toka 2000. Taa zikawekwa, njia zikatandikwa mawe, jukwaa la bendi likarudishiwa sura yake, watoto wakapata sehemu ya kuchezea, wauza chakula wakapangwa.

Na hapa ndo nataka msikilize vizuri. Al-Azhar ni nzuri mno lakini ina uzio na tiketi. Siilaumu, kuitunza hekta 30 kwenye mji kama ule si mchezo na pesa lazima itoke mahali, Birkenhead nao waliuza viwanja. Ila Forodhani haikuwekewa geti la kulipia. Ilikuwa rahisi kabisa kuweka. Mgeni angelipa bila kunung'unika, na mwenyeji angepewa bei yake ya chini, na taratibu yule mzee aliyelala chali na kofia usoni asingekuwepo pale, wale wasichana na daftari zao wasingekuwepo, na mamaangu angesimama nje anauliza swali lake. Kutoweka lile geti ni kazi ya ubunifu kama kuweka taa, na mie kwenye nyota 4 zangu, 2 ni za hilo peke yake.

Halafu kuna ule ukuta wenyewe. Kwangu mie ndo baraza refu kuliko yote Unguja. Jioni watu wanaukalia mwanzo mpaka mwisho, miguu inaning'inia baharini, wapenzi, mabaharia, mama na watoto, watalii na kamera zao, wote kiwango kimoja, hakuna kiti cha mbele wala cha nyuma. Na hapo ndo wanakuja makachu. Kama hujawahi kuwaona, ni vijana wanaoruka baharini kutoka ukutani, na wanaangalia maji kwanza, maji yakipwa hawaruki. Siku ile maji yalikuwa yamejaa vizuri. Anaanza mbali kabisa karibu na majani, wenzake wanasafisha njia kwa mikono wanapiga kelele, anakuja mbio pekupeku, unasikia nyayo zilizolowa zinapiga kwenye mawe, pa pa pa pa, halafu kimya, yupo hewani, anajikunja, anageuka mara mbili, na kabla hujavuta pumzi ameshazama kichwa chini. Anatoka anapanda ukuta kama kenge, maji yanamtiririka, na nyayo zake zinaacha alama nyeusi kwenye mawe zinakauka kabla hajafika tena mwanzo. Mwanangu alihesabu miruko 41. Akaniuliza wanalipwa na nani. Nikamwambia hawalipwi baba, wanafurahi, ukitaka kuwatunza watunze. Akanyamaza, anawaza, kisha akasema basi na mie nikikua. Mama akamwambia ujifunze kuogelea kwanza.

Jua likizama upande wa baharini pale ndo rangi zinaanza, na saa ile ile moshi wa mkaa unaanza kupanda. Sasa tunaingia habari ya chakula, na ndo wengi wanachokijia. Nitasema niliyoyaona.

Miwa kwanza. Usiondoke bila miwa. Muangalie anavyofanya: anakwangua ule muwa, anaupitisha kwenye mashine, anazungusha lile gurudumu kwa mkono mzito, unatoka umepondeka, anaukunja mara mbili na kuweka ndimu na kipande cha tangawizi katikati, anaupitisha tena, anaukunja tena, mpaka makapi yanatoka makavu kama kamba. Juisi ina povu juu na rangi ya maji ya mto. Kwa joto lile nilihisi imenirudishia roho. Urojo nao ni mzuri, ule wa mama mmoja upande wa Ngome, ana upawa wa mti na mkono wa haraka, anamimina urojo juu ya viazi na kachori na bajia na kishkaki kimoja, chatini ya nazi, chipsi za muhogo zinapasuka mdomoni, na ukwasi wa embe unakuja mwisho kabisa ukiwa umeshasahau. Mama yangu ni mkali kwa urojo wa watu, huwa anaonja kijiko kimoja anasukuma bakuli. Huu aliumaliza.

Ile wanayoiita Zanzibar pizza mwanangu aliipenda, kidonge cha unga kinatandazwa mpaka kinakuwa chembamba unaona meza chini yake, nyama ya kusaga, kitunguu, yai, jibini, kinakunjwa kinatupwa kwenye chuma. Tamu, nzito, moja inawatosha watu wawili. Vyakula vya baharini nawaambia muwe macho. Mishkaki ya pweza na kamba na samaki imepangwa mezani inapendeza kwenye taa, lakini mwambie akuonyeshe kibichi akichome mbele yako, kilichochomwa jioni kikirudishwa motoni mara ya pili kinakuwa mpira. Na bei iulizeni kabla hamjaonyesha kidole kwenye kitu chochote. Kuna muuzaji mmoja alinisikia naongea na mwanangu Kiswahili cha Dar akanipa bei ya mgeni, mama akageuka akamwambia kwa lafudhi ya Kikwajuni "we mwanangu, hebu rejea hesabu yako," bei ikashuka nusu nzima. Huyo kijana ana watoto wa kulisha najua, lakini mtu wa Mtwara au Kigoma aliyekuja na akiba yake ya mwaka asiye na mama wa Kikwajuni pembeni anafanyaje? Wangeandika bei ubaoni, yakaisha.

Na ile nyota niliyoizuia ndo hii. Ilipofika saa moja unusu nilizunguka nikaona mabenchi mawili, yale yaliyo karibu na mwanga ambayo mzee angeyapenda kwa sababu anaona anapokanyaga, moja limepangwa makreti ya soda, jingine ndoo ya kuoshea vyombo na viti vya plastiki vimerundikwa juu. Akaja babu mmoja na mkongojo, akaliangalia, akaangalia huku na huku, akaendelea kutembea gizani kwenda kukaa ukutani. Hakuna aliyemfukuza. Ukiuliza utaambiwa ni makreti tu jamani, tunatoa saa nne. Lakini mie ndo kitu kinachonitia hofu kuliko geti lolote, maana geti utaliona na utalipigia kelele, kreti hulioni. Leo kreti, kesho meza, keshokutwa turubai, mtondo mtu anakwambia hapa ni kwa wateja.

Wifi yangu wa Nairobi alinifundisha kitu hicho bila yeye kujua. Alinipeleka Jeevanjee Gardens katikati ya mji, ekari 5 tu, zilitolewa mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee ziwe za watu wa mji. Saa saba mchana pale mabenchi yamejaa, kuna anayehubiri, kuna anayesoma gazeti la mwenzake kwa nyuma ya bega, kuna vijana wamemaliza kuzungusha CV zao wanapumzisha miguu. Wifi akaniambia bustani hii mwaka 1991 ilipangwa kujengwa maghorofa na maegesho, watu wakakataa. Na Uhuru Park iliyofunguliwa 1969, mwaka 1989 ilitaka kupandishwa jengo la ghorofa 60, Wangari Maathai akaandika barua huku na huko, akatukanwa mpaka bungeni, akaitwa mwanamke kichaa, hakunyamaza, na wenye pesa wakajitoa. Tuzo ya Nobel ilikuja 2004, ila majani yale ya Uhuru Park yalikuwa yameshaokoka miaka mingi nyuma kwa sababu mtu mmoja aliliona kreti mapema.

Usafi: mchana nzuri, usiku wastani. Mapipa yapo lakini kwenye kilele cha watu yanafurika, vikombe vya plastiki na sahani vinaishia chini ya ukuta na upepo unavipeleka majini, na Zanzibar hii ndo iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki toka 2006, kwa hiyo tunaweza tukitaka. Papasi, wale vijana wanaowafuata watalii, wapo, si wakali, ukisema hapana kwa Kiswahili cha heshima wanakuelewa. Usalama mie na mtoto na mzee sikuhisi shida yoyote, simu yangu ilikuwa mkononi masaa yote. Sehemu ya watoto imejaa jioni, pelekeni mapema. Mwenye mzee au mgonjwa wa miguu, njia ni tambarare, mama alitembea bila kushikwa mkono, na kwa mtu ambaye anashikwa mkono hata sebuleni kwake hilo si jambo dogo.

Tuliondoka saa 3 kwenda kulala kwa shangazi Kikwajuni. Benchi letu la chini ya mti tulilirudia baada ya kula, na tulipolinyanyukia alikuwa ameshasimama pembeni baba mmoja, mtoto amemlalia begani. Aliuliza, "mama, hapa pana mtu?" Mama akapangusa makombo ya visheti kwa pembe ya khanga yake, akamwambia "pana wewe, kaa baba."

Tunarudi tena mwezi wa saba. Nitakwenda saa moja unusu makusudi, nitapitia yale mabenchi mawili ya kwenye mwanga, na nikiyakuta yamekaliwa na watu nakuja hapa kuongeza ile nyota ya tano siku hiyo hiyo.